Majibu sita ya swali moja la aljebra: yapi ni sawa, na nithibitisheje mbele ya wanafunzi?

Mwl_Tuisheni

Habari zenu wakuu. Nina kundi la kidato cha pili, tupo kwenye kufungua mabano na kurahisisha mitajo. Swali lenyewe ni hili:

Rahisisha (2x − 3)² − (x + 2)²

Majibu yaliyokuja ni haya:

A. 3x² − 16x + 5
B. 3x² − 8x + 13
C. (x − 5)(3x − 1)
D. 3x² + 5
E. (5 − x)(1 − 3x)
F. 3(x − 8/3)² − 49/3

Mwongozo wa kusahihisha una C peke yake. Mwenye A anadai alama zake, mwenye E naye anadai. Kuna mwanafunzi kaweka 0 mahali pa x kwenye A na D, zote zikatoa 5, akatangaza kwamba A na D ni kitu kimoja. Darasa limemwamini.

Ninachoomba ni mambo mawili. Kwanza, njia ya kuonyesha wazi yapi ni sawa na yapi siyo, pamoja na mahali makosa yalipotokea. Pili, hili la kuweka namba: je, ni jaribio halali? Kama ni halali, namba ngapi zinatosha?

Kipeo_cha_Pili

Mwalimu, yaliyo sawa ni A, C, E na F. B na D yamekosewa, na kila moja lina mstari wake ambao kosa limeingilia.

Fungua kila mraba peke yake kwanza, na huo wa pili uache ndani ya mabano:

(2x − 3)² = 4x² − 6x − 6x + 9 = 4x² − 12x + 9
(x + 2)² = x² + 2x + 2x + 4 = x² + 4x + 4

Mstari unaofuata uandikwe hivi, mabano yakiwepo:

(4x² − 12x + 9) − (x² + 4x + 4)

Halafu alama ya kutoa iguse kila kipande cha mabano ya pili:

4x² − 12x + 9 − x² − 4x − 4

Kusanya vinavyofanana: 4x² − x² = 3x²; −12x − 4x = −16x; 9 − 4 = 5. Hiyo ndiyo A.

Mwenye B ameruka mstari wenye mabano. Ameandika 4x² − 12x + 9 − x² + 4x + 4, yaani alama ya kutoa imemgusa x² peke yake, 4x na 4 zikapita bila kubadilika. Ukijumlisha hapo unapata 3x² − 8x + 13 bila pungufu. Kwa hiyo huyu kufungua mraba anajua vizuri kabisa. Usimrudishe huko, mlazimishe tu kuandika mabano kila anapotoa kitu chenye vipande zaidi ya kimoja.

Mwenye D tatizo lake liko nyuma zaidi. Yeye ameupa mraba kila kipande: (2x − 3)² akaifanya 4x² + 9, na (x + 2)² akaifanya x² + 4. Tofauti yake ni 3x² + 5. Vipande vya katikati vimepotea. Dawa yake ni jedwali la vyumba vinne: juu andika 2x na −3, kushoto andika 2x na −3, kisha jaza kila chumba kwa kuzidisha. Atapata 4x², −6x, −6x na 9. Akishaona kwa macho vyumba viwili vya −6x ambavyo alikuwa anaviacha, hahitaji tena kukariri kanuni.

Sasa C. Kutoka A unatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 3 × 5 = 15 na zikijumlishwa zinatoa −16. Ni −15 na −1.

3x² − 15x − x + 5
= 3x(x − 5) − 1(x − 5)
= (x − 5)(3x − 1)

Angalia kundi la pili: −x + 5 ni −1(x − 5). Wengi huandika −1(x + 5), mabano mawili yanakuwa hayafanani, wanakwama na kusema mtajo hauna vigawo.

Lakini swali hili lilitungwa kwa ajili ya njia fupi, tofauti ya miraba miwili: a² − b² = (a − b)(a + b). Hapa a ni 2x − 3 na b ni x + 2.

a − b = 2x − 3 − x − 2 = x − 5
a + b = 2x − 3 + x + 2 = 3x − 1

Umefika C bila kufungua mraba wowote. Nadhani ndiyo sababu mwongozo una C peke yake, mtunzi aliifikiria njia moja tu. Hilo halifanyi A kuwa kosa.

E ni C ambayo mabano yote mawili yamezidishwa kwa −1. Kwa kuwa (−1)(−1) = 1, thamani haibadiliki. Angegeuza bano moja tu, mathalani (5 − x)(3x − 1), angepata kinyume cha jibu, yaani −3x² + 16x − 5.

F imetokana na kukamilisha mraba:

3(x² − 16x/3) + 5
Nusu ya 16/3 ni 8/3, mraba wake ni 64/9.
3[(x − 8/3)² − 64/9] + 5
= 3(x − 8/3)² − 64/3 + 15/3
= 3(x − 8/3)² − 49/3

Hatua ya hatari ni ile 64/9 inapotoka nje ya mabano ya mraba: lazima izidishwe kwa 3 iwe 64/3. Huyu mwanafunzi ameifanya sawasawa, na kwa kidato cha pili hiyo ni kazi safi.

Fundi_Namba

Nichukue hilo la pili, la kuweka namba. Ni jaribio halali, ila lina nguvu upande mmoja kuliko mwingine. Namba moja inayotoa matokeo tofauti inatosha kuthibitisha kwamba mitajo miwili SI sawa, kesi imekwisha hapo. Namba moja inayotoa matokeo sawa haijathibitisha kitu.

Mwanafunzi wako aliyetumia 0 ameangukia namba mbovu kuliko zote. Ukiweka 0, kila kipande chenye x kinafutika, inabaki namba iliyosimama peke yake. A na D zote zinaishia na 5, basi lazima zifanane hapo. Na usidhani 0 peke yake ndiyo yenye mtego. Weka −1 kwenye A na B:

A: 3 + 16 + 5 = 24
B: 3 + 8 + 13 = 24

Zimelingana, na B ni kosa. Ukitaka kujua kwa nini, toa A kwenye B: unabaki na 8x + 8, ambayo ni sifuri pale tu x inapokuwa −1.

Namba ngapi zinatosha? Inategemea kipeo kikubwa cha x. Kama mitajo yote miwili ni polinomia (vipande kama 3x², 16x na 5 vilivyojumlishwa au kutolewa, bila x chini ya mstari wa sehemu) na kipeo kikubwa hakizidi 2, namba tatu tofauti zinatosha, na hapo ni uthibitisho kamili. Kwa kipeo cha 3 unahitaji namba nne. Kwa kipeo cha n, namba n + 1.

Sababu yake wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuifuata. Chukua mitajo miwili ya kipeo cha pili, toa mmoja kwenye mwingine. Unachopata hakiwezi kuwa na kipeo kinachozidi 2. Kila namba ambayo mitajo ile ililingana inafanya tofauti hii kuwa sifuri, na kila namba r inayoifanya sifuri inaleta kigawo (x − r). Namba tatu zingeleta vigawo vitatu, na vigawo vitatu vikizidishwa vinatoa x³. Lakini x³ haimo humo. Njia pekee iliyobaki ni kwamba tofauti yenyewe ni sifuri tupu, yaani mitajo ile ni mmoja ulioandikwa kwa namna mbili.

Uzuri ni kwamba namba tatu hizo unazichagua mwenyewe, hata nyepesi. Kwa kipeo cha pili tumia 0, 1 na −1. Mtajo wa swali unatoa:

x = 0: 9 − 4 = 5
x = 1: 1 − 9 = −8
x = −1: 25 − 1 = 24

Sasa pitisha majibu, kwa mpangilio huohuo wa 0, 1, −1:

A: 5, −8, 24
B: 13, 8, 24
C: 5, −8, 24
D: 5, 8, 8
E: 5, −8, 24
F: 5, −8, 24

Kwa F usiogope sehemu. Kwa x = 1 ni 3 × 25/9 − 49/3 = 25/3 − 49/3 = −24/3 = −8.

Andika jedwali hilo ubaoni na darasa litaona lenyewe: D imepita kwenye 0 ikaanguka kwenye 1, B imepita kwenye −1 ikaanguka kwenye nyingine zote. Na A, C, E na F zimethibitishwa, kwa sababu zote ni za kipeo cha pili na namba ni tatu.

Tahadhari moja: wasizoee 0, 1, −1 kisha wakazipeleka kwenye kipeo cha tatu. x³ + 2 na x + 2 zinalingana kwenye namba zote tatu hizo (2, 3 na 1), na ni vitu viwili tofauti kabisa. Ongeza namba ya nne, mathalani 2: moja inatoa 10, nyingine 4.

Kama mtu anataka namba moja tu ya kujikagua haraka katikati ya mtihani, aepuke 0 na 1. 1 ni mbaya kwa sababu x, x² na x³ zote zinakuwa 1, hivyo aliyekosea kipeo hagunduliki. 2 nayo ina kasoro, 2x na x² zote ni 4. Bora 3 au 5, ingawa hata hizo ni dalili tu.

Kuna ujanja mwingine mzuri wa kuweka 100. (x + 2)² kwa x = 100 ni 102² = 10404. Gawa tarakimu mbilimbili kutoka kulia: 1 | 04 | 04. Hiyo ni x² + 4x + 4 inasomeka yenyewe. Ukiwa na hasi inabidi kukopa: 3x² − 16x + 5 kwa 100 ni 30000 − 1600 + 5 = 28405, yaani 2 | 84 | 05. Kwa kuwa 84 imevuka 50, isome kama 84 − 100 = −16 na urudishe 1 kushoto: 3 | −16 | 5. Inafanya kazi pale namba za mbele ni nzima na ndogo, chini ya 50 bila kujali alama. Wanaopenda namba watafurahia.

Mwl_Tuisheni

Kipeo na Fundi, asanteni sana. Jedwali la 0, 1, −1 limeniingia, na hilo la vyumba vinne nalitumia kesho.

Naongeza mambo mawili yanayofuata kwenye mada hiyohiyo. La kwanza ni sehemu:

(x² − 9) / (x² − 5x + 6)

Kuna wanaokata x² ya juu na ya chini wakabaki na −9 / (−5x + 6). Wengine wamefika (x + 3)/(x − 2) na kitabu kinasema hivyo, lakini kompyuta ikichora inaonyesha mstari mmoja kwa zote mbili, na mwanafunzi mmoja anasisitiza kwamba kwa x = 3 hazifanani. Nani yuko sahihi?

La pili ni mitajo yenye herufi mbili, 5a²b − 2ab² + 3ba² − ab·b. Hapo wanachanganya kila kitu.

BintiHesabu

Mwalimu, huyo mwanafunzi wa x = 3 yuko sahihi, na mpongeze mbele ya wenzake.

Kukata juu na chini kunaruhusiwa kwa vigawo tu, yaani vitu vilivyozidishwa. Vitu vilivyojumlishwa au kutolewa havikatwi. Kwenye x² − 9, ile x² haikuzidishwa na kitu, imetolewa 9. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika kiasi (cha juu) na asili (ya chini) kwa vigawo:

x² − 9 = (x − 3)(x + 3)
x² − 5x + 6 = (x − 2)(x − 3)

Sasa (x − 3) ni kigawo cha juu na cha chini, inakatika. Inabaki (x + 3)/(x − 2).

Kuonyesha kwamba kukata x² ni kosa, weka 5. Mtajo wa mwanzo: 16/6, yaani 8/3. Ulioandikwa kwa vigawo na kukatwa: 8/3. Wa aliyekata x²: −9/−19, yaani 9/19. Namba moja imemaliza ubishi.

Na kwa x = 3? Mtajo wa mwanzo una 0/0, hauna thamani. Mtajo uliorahisishwa una 6/1 = 6. Hivyo jibu kamili ni

(x + 3)/(x − 2), ambapo x si 3

Kwa x = 2 hakuna haja ya kutaja, maana asili ya (x + 3)/(x − 2) inaonyesha yenyewe kwamba 2 haikubaliki, na mtajo wa mwanzo nao unaikataa. Ila 3 imefichika baada ya kukata, ndiyo maana inaandikwa.

Kuhusu mchoro: kompyuta haikosei, ila tundu la nukta moja halionekani kwa macho. Kwenye GeoGebra, programu ya kuchora grafu, chora ule mtajo wa mwanzo uite f, kisha andika f(3). Itakuambia haina jibu, ingawa mchoro unapita hapo kama kawaida. Kwa polinomia tupu zisizo na asili, mchoro ni msaada mzuri zaidi: chora tofauti ya majibu mawili, mathalani A − B. Ukipata mstari unaolala juu ya mhimili wa x mwanzo mpaka mwisho, yako sawa. Ukiona mstari unaoukata mhimili mahali pamoja, umeona pia ni namba gani ingekudanganya.

Kwenye herufi mbili, mkazo uwe kwamba mpangilio wa herufi haujalishi lakini vipeo vinajalisha. ba² na a²b ni kitu kimoja. a²b na ab² ni vitu viwili. Waambie wapange kila kipande kwa alfabeti kabla ya kukusanya chochote:

5a²b − 2ab² + 3a²b − ab²
= 8a²b − 3ab²

Ile ab·b ndiyo inayowapoteza, ni ab², b zimekuwa mbili. Jibu likitakiwa kwa vigawo ni ab(8a − 3b).

Kukagua, tumia a = 2 na b = 3, kamwe usitumie namba moja kwa herufi zote mbili. Ukiweka a = b, basi a²b na ab² zinalingana na kosa linapita. Kwa 2 na 3: 60 − 36 + 36 − 18 = 42. Jibu: 96 − 54 = 42. Kwa herufi mbili, namba tatu hazitoshi kuwa uthibitisho. Kama kila herufi haivuki kipeo cha 2, unahitaji namba tatu za a zikutane na tatu za b, jumla mara tisa. Afadhali kufungua na kulinganisha kipande kwa kipande.

Mzee_wa_Mlinganyo

Niongeze kosa ambalo halijatajwa, na kwangu ni kubwa kuliko yote kwa sababu mwanafunzi anafanya hesabu zote vizuri halafu anapata sifuri. Ni kuchukulia mtajo kama mlinganyo.

Swali: Rahisisha x/2 + x/3. Mwanafunzi anazidisha kila kitu kwa 6, anapata 3x + 2x = 5x, anapiga mstari chini. Jibu sahihi ni 5x/6. Kwenye mlinganyo ana haki ya kuzidisha pande zote mbili kwa 6, kwa sababu kuna upande wa pili wa kusawazisha. Kwenye mtajo hakuna upande wa pili. Ukizidisha kwa 6 umepata kitu kikubwa mara sita.

Dada wa kosa hilo ni kugawanya. 8x² − 12x + 20 inaandikwa 2x² − 3x + 5 na ile 4 inatupwa. Iwe 4(2x² − 3x + 5). Kigawo kikubwa cha shirika kinatoka nje ya mabano, kinakaa hapo hapo mlangoni, hakiondoki.

Na la tatu: kwenye swali la Mwalimu, utakuta mtu kafika (x − 5)(3x − 1) akaendelea na kuandika x = 5 au x = 1/3. Hakuna aliyesema mtajo huo ni sifuri. Alama ya jibu apewe, lakini achorewe mstari mwekundu kwenye nyongeza hiyo, maana kesho ataipeleka kwenye maswali ambayo x ni urefu wa kiwanja.

Dawa ya yote matatu ni moja: alama ya kulingana iandikwe mwanzoni mwa kila mstari, na kila mstari ukaguliwe dhidi ya mstari wa kwanza kwa namba moja. x = 6 kwenye x/2 + x/3 ni 3 + 2 = 5. 5x ni 30. Kosa linaonekana kabla ya kukabidhi karatasi.

Kuhusu alama za A, C, E na F: neno «rahisisha» halisemi umbo gani. A na C mpe zote. E pia, ingawa mwelekeze aandike (x − 5)(3x − 1) kwa sababu x yenye alama chanya mbele inasomeka kwa urahisi. F nisingempa zote. Ni sawa kithamani, lakini ameingiza sehemu mbili mahali ambapo hapakuwa na sehemu hata moja. Hiyo si kurahisisha.

Kipeo_cha_Pili

Mzee, kwa F natofautiana nawe. Kama hatua zake zinaonyesha 3x² − 16x + 5 njiani, amesharahisisha, na alichofanya baadaye hakina kosa. Kumkata alama ni kumwadhibu kwa kujua zaidi. Kama hatua hizo hazipo, hapo nakubaliana nawe.

Umbo lipi ni rahisi linategemea unataka kulifanyia nini. Ukitaka kujua mtajo unakuwa sifuri wapi, C inakuambia bila kalamu: 5 na 1/3. Ukitaka kujua thamani ndogo kabisa ambayo mtajo unaweza kufikia, F ndiyo inayosema: mraba hauwezi kushuka chini ya sifuri, basi thamani ndogo ni −49/3, na inapatikana x ikiwa 8/3. Ukitaka kulinganisha majibu ya wanafunzi arobaini, A, kwa sababu umbo lililofunguliwa na kupangwa kwa vipeo kutoka kikubwa kwenda kidogo ni moja tu. Mitajo miwili ikiwa sawa, maumbo hayo yatafanana herufi kwa herufi. C haina sifa hiyo, E ni ushahidi.

Na kuna umbo la saba ambalo hakuna mwanafunzi aliyeliandika: x(3x − 16) + 5. Hili ni la kukokotolea kwa kichwa. Kwa x = 7: 21 − 16 = 5, mara 7 ni 35, jumlisha 5 ni 40. Kuzidisha ni mara mbili tu, wakati 3x² − 16x + 5 inataka mara tatu. Kwa kipeo cha pili tofauti ni ndogo, kwa kipeo cha tano au sita inaokoa muda mwingi.

Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba swali lijalo lisiseme «rahisisha» peke yake. Liseme «fungua mabano na urahisishe», au «andika kwa vigawo», au «andika katika umbo a(x − h)² + k». Ugomvi wa alama utakwisha.

Fundi_Namba

Mwalimu, haya hapa matano ya kuwapa. Wajibu «sawa» au «si sawa», na kila jibu liwe na sababu. Nimeyatunga yakiwa na mitego tuliyoitaja.

1. (x + 4)² − (x − 4)² na 16x
2. (3 − x)(x + 2) na −x² + x + 6
3. (x − 1)³ na x³ − 1
4. (a − b)² na (b − a)²
5. (2x² − 8)/(x − 2) na 2x + 4

Majibu kwa ajili yako. La 1 ni sawa: tofauti ya miraba inatoa 8 × 2x. La 2 ni sawa: 3x + 6 − x² − 2x. La 3 si sawa, na ndilo la kuangalia kwa makini. (x − 1)³ ni x³ − 3x² + 3x − 1, hivyo tofauti kati yake na x³ − 1 ni −3x(x − 1), ambayo ni sifuri kwa x = 0 na kwa x = 1. Anayekagua kwa 0 na 1 tu atasema sawa. Kwa x = 2 moja ni 1, nyingine ni 7. La 4 ni sawa, lakini wakumbushe kwamba kipeo kikiwa 3 haiwi hivyo: (a − b)³ ni −(b − a)³. La 5 ni sawa kwa kila x isipokuwa 2, kwa sababu iliyoelezwa na BintiHesabu. Anayeandika «sawa» bila kutaja 2 mpe nusu.